Shajara ya mradi: historia ya jengo la maktaba ndani ya Ngome ya Lamu

Juma la 1. Mipaka ya kazi

Mradi huu utatoa vitu vitatu: jedwali la tarehe za jengo, seti ya michoro na picha za kuta zenye namba, na daftari la jengo litakalokaa mezani kwa mkutubi. Daftari ndilo lenye uzito kuliko yote. Jedwali likishaandikwa limeandikwa, lakini daftari litafunguliwa kila mvua inaponyesha.

Jengo lenyewe ni Ngome ya Lamu, inayotazama uwanja wa Mkunguni. Ndani yake mna makumbusho ya mazingira na maktaba. Maktaba nyingi huzaliwa pamoja na nyumba yake: McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilichorwa tangu mwanzo iwe ya vitabu. Hapa mambo ni kinyume. Vitabu vimehamia katika jengo lililojengwa kwa ajili ya askari, kisha likakaa gereza kwa miaka 74. Sakafu isiyotaka uzito, ukuta unaotoa chumvi na mwanga haba vyote ni urithi wa waliotangulia kulitumia. Kwa sababu hiyo kila tarehe inayoingia kwenye jedwali inafuatwa na swali moja: tukio hili limeacha nini ukutani?

Sharti la kwanza la kazi limebandikwa mlangoni mwa chumba cha mradi. Ngome iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na inalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Hakuna kupigilia msumari, kukwangua chokaa wala kubandika karatasi ukutani bila kibali cha maandishi. Majaribio yote ya chokaa yanafanyiwa kwenye kiukuta kipya kilichojengwa pembeni, mbali na ngome.

Juma la 2. Tarehe za mwanzo, na neno moja linalopotosha

Kuna masimulizi mawili kuhusu kuanza kwa ujenzi. La kwanza linasema Bwana Fumo Madi bin Abi Bakr, sultani wa Pate, ndiye aliyeanza kujenga, na alipofariki mwaka 1809 hata ghorofa ya kwanza haikuwa imekamilika. La pili linaweka ujenzi kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, Waamu, yaani watu wa Lamu, walipowashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa kisha wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman.

Kosa tunaloliona mara nyingi katika maandishi ya jumla ni kuyakanda masimulizi hayo kuwa moja. Unakuta sentensi inayosema Fumo Madi alianza ujenzi mwaka 1813, yaani miaka minne baada ya kufa kwake. Kwenye jedwali letu yako katika mistari miwili, A na B, na kila mstari una alama yake ya kutafutwa ukutani. Ikiwa ujenzi ulisimama ukiwa nusu kisha ukaendelea chini ya watu wengine, upo mstari wa kulala ambapo mpangilio wa mawe unabadilika: ukubwa wa mawe, unene wa chokaa kati yao, au ukuta wa juu kuingia ndani kwa sentimita chache. Mstari wa namna hiyo huonekana kwa mwanga wa ubavuni, jambo tutakalolifikia juma la 4. Masimulizi hayo mawili yanaweza pia kuwa kweli yote, msingi wa mmoja na kuta za mwingine, na jedwali lazima liache nafasi hiyo.

Tarehe za Hijria. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo karibu kila mara unagusa miaka miwili ya Miladia. Kanuni tunayotumia: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.970224, kisha jumlisha 621.577. Mwaka 1228 H unatoa 1813.01, yaani ulianza siku za mwanzo za Januari 1813 na kuishia ndani ya mwaka huohuo, jambo la nadra. Mwaka 1236 H unatoa 1820.77: ulianza Oktoba 1820 na kwisha Septemba 1821. Anayeona 1236 kwenye karatasi akaandika 1821 tu, huenda amekosea kwa miezi. Andika 1820/1821 na uweke tarehe asili pembeni yake.

Neno lenyewe ni gereza. Kwa Kiswahili cha leo ni mahali pa kufungia watu. Zamani pwani liliitwa hivyo boma au ngome. Asili yake ni neno la Kireno la kanisa, na ile ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo. Maana ya kifungo ilikuja baadaye, kwa kuwa ngome nyingi ziligeuzwa kuwa vifungo: Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanzia 1895 hadi 1958, na ya Lamu kuanzia 1910. Kanuni ya mradi: karatasi yoyote ya kabla ya 1910 inayotaja gereza la Amu inasomwa kuwa ngome, mpaka sentensi zinazoizunguka zithibitishe kwamba ni kifungo. Anayesahau kanuni hii atajikuta amewafunga watu wa karne ya 19 katika jela ambayo haikuwako.

Juma la 3. Kutoka 1821 hadi vitabu

Ngome ilijengwa ukingoni mwa maji. Leo iko takriban mita 70 kutoka pwani, kwa sababu mji ulijaza ufuo polepole na kujenga juu yake. Hilo si jambo la kupamba maelezo. Mbele ya ngome pana ardhi ya kujaziwa, na ardhi ya namna hiyo hupitisha maji na chumvi kwa njia tofauti na mwamba. Upande wa mashariki wa jengo, ule wa baharini, unapata ukurasa wake wa unyevu katika daftari.

Mistari iliyobaki ya jedwali inakwenda haraka. Ngome ilitumika kama kituo cha utawala wa Kiomani kwenye pwani hii, kisha umuhimu wake ukapungua. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela, chini ya Waingereza na kisha chini ya serikali ya Kenya. Baadaye ilikabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa, ikageuzwa kuwa makumbusho kwa msaada wa SIDA, shirika la maendeleo la Uswidi. Mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mazungumzo na wazee yanaanza juma hili, kwa masharti. Hatuulizi "ilikuwaje zamani". Swali kama hilo huzaa hadithi ya jumla. Tunauliza kuhusu kitu kimoja: mlango huu ulikuwa hapa? Maji ya mvua yalitokea wapi? Nani alileta mawe, na kwa jahazi gani? Kila mazungumzo yasipite dakika 45, yarekodiwe kwa ridhaa iliyotamkwa mwanzoni mwa sauti, na faili ipewe namba badala ya jina la mtu. Habari za waliofungwa hapa haziingii kwenye bango wala kwenye daftari la jengo. Kuna familia mjini zenye machungu hayo, na mradi wa kuta hauna haki ya kuyatangaza.

Juma la 4 na la 5. Kupima na kupiga picha

Vifaa: tepu ya mita 30 na nyingine ya mita 5, timazi, pima maji la bomba la plastiki lenye urefu wa mita 10, rula ya mita 1 iliyopakwa nyeusi na nyeupe kila sentimita 10, tochi kali, karatasi za miraba, penseli ngumu, na kamera au simu nzuri iliyowekwa kwenye miguu mitatu.

Kila chumba kina namba, na kila ukuta una herufi ya upande wake: K kaskazini, S kusini, M mashariki, G magharibi. Lamu kibla kiko kaskazini, na wazee wengi husema upande wa kibla, kwa hiyo fomu ya mazungumzo ina neno hilo kando ya K ili pasitokee mkanganyo.

Hatua za chumba kimoja:

1. Pima kuta nne kwa urefu wa mita 1 kutoka sakafuni. Usipimie chini kabisa, kwa maana chokaa hujaa kwenye kona.
2. Pima mikingamo yote miwili, yaani kutoka kona hadi kona iliyo mkabala nayo. Bila mikingamo mchoro utatoka mraba hata kama chumba kimepinda, na vyumba vya mawe ya matumbawe hupinda karibu vyote.
3. Pima unene wa ukuta mlangoni na dirishani, mahali pawili kwa kila uwazi.
4. Teremsha timazi juu hadi chini, andika umbali wa uzi na ukuta kila nusu mita.
5. Hamisha usawa mmoja wa sakafu kwa bomba la maji kutoka chumba hadi chumba. Kabla ya kusoma, hakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani ya bomba. Kiputo kimoja kinaweza kukuletea tofauti ya sentimita kadhaa, na utaitafuta siku nzima.

Picha ya ukuta hupigwa kamera ikiwa sambamba na ukuta, rula ya mita imesimama wima upande wa kushoto na kibandiko cha namba miguuni pake. Kisha picha ya pili kwa mwanga wa ubavuni: funga madirisha, weka tochi karibu na ukuta, imulike kwa kulala. Viraka vilivyotiwa baadaye, milango iliyozibwa, na mistari ya ujenzi uliosimama njiani huinuka kama makovu. Ukuta uliopakwa chokaa mara nyingi huwa laini kwa macho ya mchana, na mtu anaweza kupita mbele yake miaka 20 asione kitu.

Picha zinahifadhiwa mahali patatu: kompyuta ya mradi, diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na nakala mtandaoni. Jina la faili: chumba, ukuta, tarehe, aina ya mwanga. Mfano: 07-K-20-ubavu. Jina kama "picha nzuri ya mlango" halifai baada ya miezi miwili.

Juma la 6 hadi la 9. Chokaa

Hapa ndipo kazi ilipochukua muda, na ndipo hasa historia ya jengo ilipo. Kuta za majumba ya mawe ya Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mawe huja kutoka kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo, ambako uchongaji mawe bado ni riziki ya watu. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Linanyonya maji, na linayaachia. Ukuta mzima unaishi kwa kupumua, na ngozi yake ya chokaa lazima ipumue kuliko mwili.

Chokaa kiasili huchomwa kwa rundo la magogo: kuni hupangwa duara, mawe huwekwa juu, moto huwashwa katikati. Mawe yanahitaji kufikia kama nyuzi 900 za Selsiasi ili yageuke chokaa hai. Jiwe lisiloiva hubaki na kiini kizito. Ukilishika ni zito kuliko wenzake. Tena, chokaa ikitiwa kwenye lipu bila kuchekechwa, vipande vilivyoiva kupita kiasi huchelewa kuzimika, hulipuka taratibu ukutani na kuacha vishimo vyenye kitone cheupe ndani.

Kuzima chokaa: tumia pipa la chuma, kamwe si la plastiki, kwa sababu maji yatachemka. Tia maji kwanza, kisha chokaa kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya lundo la chokaa linaweza kukurukia usoni. Miwani ya kukinga, glavu na ndoo ya maji safi ya kuoshea macho viwe tayari kabla ya kiasi cha kwanza kuingia. Koroga, chekecha kwa wavu wa milimita 3, kisha acha itulie chini ya sentimita 5 za maji. Miezi mitatu ni kiasi cha chini. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushikamana. Kwa jaribio hili tumetumia chokaa iliyokwisha kukaa miezi minne.

Mchanga ndio unaoharibu kazi nyingi. Wa ufukweni haufai kwa sababu ya chumvi. Majaribio mawili hufanywa kwa kila shehena. La kwanza: jaza theluthi ya chupa mchanga, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha, tabaka la tope juu ya mchanga likizidi sehemu ya kumi ya kina chake, mchanga uoshwe. La pili: loweka mchanga katika maji ya mvua, chuja, dondosha matone ya maji hayo juu ya kioo cheusi, kiweke juani. Pete nyeupe ikibaki, kuna chumvi.

Tulijenga kiukuta cha mawe ya matumbawe, urefu wa mita 3, kimo cha mita 1.2, kikiwa kimesimama ndani ya trei yenye maji ya chumvi ya kina cha sentimita 3. Upande wake mmoja ulipigwa vipande vinne vya lipu, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 12. Kipande kimoja kinakula takriban lita 4 na nusu za mchanganyiko, ukiongeza kidogo kwa kinachoingia kwenye vitundu vya jiwe.

Kipande cha 1: chokaa 1 kwa mchanga 3 kwa ujazo, mawe yakiwa yameloweshwa jana yake na tena nusu saa kabla ya kupiga. Kilishika. Mikwaruzo michache ya nywele ilifutika kwa kusuguliwa na ubao siku ya pili na ya tatu.

Kipande cha 2: mchanganyiko uleule, mawe makavu. Baada ya siku kumi kiligongwa kwa kifundo cha kidole kikatoa sauti ya debe tupu. Jiwe kavu linafyonza maji ya lipu kabla chokaa haijashikana nalo.

Kipande cha 3: chokaa 1 kwa mchanga 1. Kilipendeza siku ya kwanza, kikapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Chokaa ikizidi, lipu hunywea sana.

Kipande cha 4: saruji 1 kwa mchanga 4. Baada ya majuma matatu ndicho kilichokuwa kigumu, kikavu na kisafi kuliko vyote, na hapo ndipo mtego ulipo. Zungukia nyuma ya kiukuta, upande usio na lipu: nyuma ya vipande vya chokaa alama ya unyevu ilikuwa chini, nyuma ya saruji ilikuwa imepanda juu zaidi, na chumvi nyeupe ilianza kutoka pembezoni mwa kipande. Saruji haikuzuia maji. Ilizuia yasitoke mbele, yakapanda hadi yakapata pa kutokea. Katika ukuta wa ngome wenye lipu ya saruji pande zote mbili, chumvi hiyo hujenga fuwele nyuma ya lipu na kusaga jiwe taratibu mpaka lipu inaanguka kama bamba, jiwe likiwa limegeuka unga. Anayeona bamba limeanguka husema saruji ilikuwa dhaifu, naye huongeza saruji. Ukuta unaumia mara ya pili.

Kwa hiyo jedwali la tarehe sasa lina safu ya "ngozi ya ukuta". Kila ukuta wa karne ya 20 unaoandikwa kuwa umekarabatiwa uandikwe umekarabatiwa kwa kitu gani, chokaa au saruji. Bila hilo tarehe ya ukarabati haimsaidii fundi anayekuja.

Kukauka. Chokaa haikauki tu. Inarudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na kazi hiyo inahitaji unyevu kidogo. Huenda kwa takriban milimita 1 kwa mwezi mwanzoni. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo mkavu na jua huikausha kabla haijageuka. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7 za mwanzo, unyunyize asubuhi na jioni, usimwage. Wakati wa masika mvua huisafisha ukutani. Kipindi cha kusi baada ya mvua kubwa kupungua ndicho tunachokipendekeza. Kujua kama lipu imegeuka hadi ndani: vunja kipande kidogo, dondoshea dawa ya fenofthaleini. Sehemu inayokuwa ya waridi bado haijageuka.

Kupaka: uji wa chokaa mwembamba kama maziwa, juu ya ukuta uliolowanishwa, mikono mitatu hadi mitano, mmoja kwa siku. Mkono wa kwanza unaonekana kama maji tu na watu hukata tamaa, wakaongeza uzito. Mkono mzito hubanduka. Rangi ya plastiki inafanya kazi ileile ya saruji, kwa bei ndogo zaidi.

Juma la 10. Boriti na paa

Upana wa vyumba vya kale vya pwani hii umewekwa na miti ya mikoko, na hasa mkoko wenyewe na mkandaa. Mti unaofaa kubeba sakafu hupatikana kwa urefu wa takriban mita 2.5 hadi 3, na chumba kinafuata. Wafanyabiashara huita miti kwa unene: kutoka fito, zilizo nyembamba kabisa, hadi boriti na nguzo. Boriti ni ya kama sentimita 11 hadi 13. Miti hiyohiyo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na Ghuba, ambako nyumba nazo zilipata vyumba vya upana huo, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Mwaka 2018 ukataji ulisimamishwa kwa muda hata kwa matumizi ya ndani. Mpango wa matengenezo usiohesabu upatikanaji wa boriti ni karatasi tu; agiza mapema, kwa muuzaji mwenye kibali, na uzihifadhi kivulini.

Hesabu ya paa la sakafu: tabaka la vipande vya matumbawe na chokaa iliyopondwa lenye unene wa sentimita 25, likichukuliwa kuwa na kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, lina kilo 450 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha upana wa mita 2.5 chenye boriti kila sentimita 30: boriti moja inabeba mita za mraba 0.75, yaani karibu kilo 340 usiku na mchana. Kila mara paa linapovuja na mtu akaongeza sentimita 5 juu yake, ameongeza kilo 90 kwa kila mita ya mraba. Mara tatu za nia njema na mzigo umepanda kwa zaidi ya nusu.

Ugonjwa wa boriti huanzia nchani, mahali inapoingia ukutani, palipofichika. Kagua hivi: gonga kwa nyundo ndogo ya mbao kutoka katikati kuelekea ukutani, sauti ikibadilika kutoka kavu kuwa butu, choma kwa bisibisi nyembamba sentimita 2 karibu na ukuta. Ikiingia kwa urahisi, andika. Kabla ya kubadilisha boriti, tafuta mlizamu, ule mfereji unaotoa maji ya mvua paani. Mara nyingi boriti iliyooza iko chini ya mlizamu ulioziba, na boriti mpya itaoza hapohapo.

Juma la 11. Vitabu ndani ya ngome

Mita moja ya vitabu kwenye rafu ni kama kilo 30. Kabati la upana wa sentimita 90 lenye rafu 6 lina mita 5.4, kilo 162 za vitabu, juu ya eneo la sentimita 90 kwa 30. Hiyo ni kilo 600 kwa mita ya mraba pale lilipokanyaga. Sakafu ya nyumba ya kawaida huhesabiwa kubeba kama kilo 150 kwa mita ya mraba. Chumba cha rafu za vitabu huhesabiwa zaidi ya 700. Hakuna fundi wa 1821 aliyepiga hesabu hiyo.

Uamuzi: makabati mazito yakae chini, kwenye ardhi. Yakilazimika kupanda ghorofani, yasimame yakiwa yamekingama juu ya boriti ili kila moja lishike boriti tatu au zaidi, karibu na ukuta unaozibeba, wala si katikati ya chumba. Usiweke kabati sambamba na boriti. Mbili zitabeba mzigo wote. Ubao wa sentimita 5 chini ya miguu husambaza uzito.

Nafasi: sentimita 5 hadi 10 kati ya mgongo wa kabati na ukuta, sentimita 10 kutoka sakafuni. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hufika kama mita 1 ukutani. Rafu za chini ziwe tupu au ziwe na majarida yasiyo na thamani. Chumvi inayotoka ukutani ifagiliwe ikiwa kavu kwa brashi laini na kuchukuliwa nje. Ukiiosha, maji yanairudisha ndani.

Kipima unyevu kinasomwa saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Lengo ni asilimia 45 hadi 60. Ikikaa juu ya 65 kwa siku kadhaa, ukungu utaanza kwenye vitabu vyenye jalada la kitambaa. Kufungua madirisha si dawa kila siku: hewa ya nje ikiwa na unyevu kuliko ya ndani unauingiza mwenyewe. Soma vipimo viwili, vya ndani na nje, kabla ya kufungua.

Kitabu chenye wadudu kifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa itolewe, kiwekwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa majuma mawili. Kikitoka, kisifunguliwe kwa siku nzima, la sivyo mvuke wa hewa utagandamana kwenye kurasa. Mchwa ni shauri jingine: fuatilia njia ya udongo hadi ukutani, uipige picha kabla ya kuivunja, kwa kuwa njia yao huonyesha ufa ambao macho hayaoni.

Juma la 12. Daftari

Daftari lina jalada gumu, kurasa 200 zenye mistari, wino usiofutika kwa maji. Safu ni saba: tarehe, chumba na ukuta, kilichoonekana, kilichofanywa, vifaa na vipimo vyake, namba ya picha, aliyeandika kwa cheo chake. Hakuna safu ya maoni. Palipokuwa na safu hiyo katika rasimu, watu waliandika "hali nzuri" na ukurasa ukawa hauna kitu.

Mistari ya kwanza 34 imejazwa kutoka jedwali la tarehe, kuanzia 1809 na 1813 zikiwa sambamba, A na B. Ukurasa wa mashariki umefunguliwa. Maombi ya kibali cha kupiga picha za mwanga wa ubavuni katika vyumba vilivyobaki yamewasilishwa pamoja na orodha ya vifaa na saa za kazi. Kiukuta cha majaribio kinaachwa kwenye trei yake ya maji ya chumvi hadi masika ipite. Kitasomwa kila Jumatatu, mbele na nyuma, na vipande 1 na 4 vitapigwa picha siku hiyohiyo kwa rula ileile.